Seva Ikihuishwa, Huduma Isikwame

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata kuhusu hitilafu za skripti za tovuti baada ya seva kuhuishwa: zinavyotokea, zinavyotafutwa, na nafasi ya mkazi katika kuzirekebisha



Mada hii inahusu jambo ambalo kwa jina lake huonekana kuwa la mafundi peke yao: skripti za seva kukwama baada ya seva kuhuishwa. Hata hivyo, anayelipa gharama ya jambo hilo mara nyingi si fundi. Ni mama lishe aliyepanda bodaboda hadi mjini ili apate fomu, akakuta ukurasa mweupe usio na neno hata moja. Ni mfugaji aliyejaza taarifa za mifugo yake mara tatu, na mara zote tatu mfumo ukamkatalia bila kumweleza sababu. Ni mfanyabiashara asiyedaiwa chochote, ambaye asubuhi moja kompyuta inamwambia kwamba ana deni na hivyo hastahili kuhudumiwa.

Watu hao watatu ni mifano tu, lakini hitilafu zinazoweza kuwapata ni za kweli, zina sababu zinazojulikana, na zina tiba. Mwananchi akizifahamu, hatakata tamaa mapema, hatalipa mara mbili, na atajua aseme nini anapofika kwa mtendaji ili tatizo lake lifike kwa fundi likiwa kamili.

Seva na skripti ni vitu gani

Seva ni kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, inayopokea maombi ya watu kupitia intaneti na kuwarudishia majibu. Mfano wake wa karibu ni masjala. Mwananchi anapofika dirishani, karani hupokea ombi lake, hufungua kabati, hutafuta jalada, kisha huandika jibu. Katika seva, programu kama Apache ndiyo karani wa dirishani. Kanzidata, kama vile MySQL, ndiyo kabati la majalada. Skripti ni waraka wa maelekezo unaomwambia karani afanye nini, hatua kwa hatua: soma jina la mwombaji, tafuta jalada lake, angalia kama analo deni, andika jibu.

Lugha ambayo nyaraka hizo za maelekezo zimeandikwa kwayo katika tovuti nyingi duniani ni PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf na kutolewa hadharani mwaka 1995. Apache nayo ilianza kutumika mwaka huohuo. Kwa kuwa vyombo hivi vimedumu miaka mingi, skripti nyingi zinazohudumia umma ziliandikwa zamani, na waandishi wake huenda wamekwisha kuhamia kazi nyingine. Waraka unabaki mezani, lakini aliyeuandika hayupo tena wa kuulizwa. Hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Kwa nini seva ihuishwe hali inafanya kazi

Wapo wanaouliza kwa nini kitu kinachofanya kazi kiguswe. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la wazi. Kila toleo la programu lina tarehe ambayo baada yake watengenezaji huacha kuziba matundu ya usalama yanayogunduliwa. Kwa PHP toleo la 5.6, tarehe hiyo ilikuwa 31 Desemba 2018. Kwa toleo la 7.4, ilikuwa 28 Novemba 2022. Tundu likigunduliwa baada ya siku hiyo, watengenezaji wenyewe hawalizibi tena, ilhali wahalifu wanaweza kusoma habari zake kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo kubaki na toleo la zamani ni sawa na kufunga ofisi kwa kufuli ambalo funguo zake zimezagaa sokoni. Kufuli bado linafunga, lakini halilindi. Na ndani ya ofisi hiyo yamo majina ya wananchi, namba zao za simu, viwanja vyao na kumbukumbu za malipo yao. Kuhuisha seva ni wajibu. Linalobaki kujadiliwa ni namna ya kuhuisha bila kumwumiza anayehudumiwa.

Hitilafu zinazopiga kelele

Hitilafu zinazofuata uhuishaji wa seva ni za aina tatu. Ya kwanza ni ile inayopiga kelele: ukurasa haufunguki kabisa.

Sababu yake kubwa ni kwamba toleo jipya la lugha limeondoa amri iliyokuwepo katika toleo la zamani. PHP toleo la 7.0, lililotolewa Desemba 2015, liliondoa kundi zima la amri za kale zilizotumika kuwasiliana na kanzidata ya MySQL, yaani zile ambazo majina yake huanza na mysql_. Skripti iliyoandikwa kwa amri hizo, ikiwekwa juu ya toleo la 7, inasimama palepale inapotaka kufungua kabati. Toleo la 8.0, lililotolewa Novemba 2020, liliondoa amri nyingine za zamani, zikiwemo each na create_function. Karani anasoma waraka, anakuta neno ambalo halimo tena katika msamiati wake, anaweka waraka chini na kunyamaza.

Mwananchi hukuta ukurasa mweupe, au namba 500. Ni vyema namba hizi zijulikane. Namba 404 maana yake ukurasa ulioombwa haukuonekana. Namba 403 maana yake seva imekataa kuutoa. Namba 500 maana yake kuna jambo limeharibika ndani ya seva yenyewe. Mwananchi anayekuta 500 ajue kwamba kosa si la simu yake wala la kifurushi chake cha intaneti, na kununua kifurushi kingine hakutamsaidia.

Wakati mwingine skripti ni nzima, lakini mazingira yake yamebadilika. Apache toleo la 2.4, lililotoka mwaka 2012, lilibadili namna ya kuandika kanuni za nani aruhusiwe na nani azuiwe. Kanuni zilizoandikwa kwa mtindo wa toleo la 2.2 zinaweza kuifanya seva itoe 403 au 500. Vilevile, skripti ikihamishwa kutoka kompyuta ya Windows kwenda ya Linux, majina ya mafaili huanza kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Faili lililoitwa «Fomu» na kuombwa kwa jina «fomu» lilipatikana kwenye Windows. Kwenye Linux ni mafaili mawili tofauti, na moja kati yake halipo. Herufi moja kubwa yatosha kumfanya mama lishe arudi nyumbani mikono mitupu.

Hitilafu zinazochagua watu

Aina ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu ukurasa unafunguka na watu wengi wanahudumiwa, ila wachache wanakataliwa. Wanapolalamika huambiwa kwamba wenzao mbona wamefanikiwa.

Mfano mzuri unatoka katika tahajia ya Kiswahili chenyewe. Neno «ng'ombe» lina alama ya ritifaa. Katika lugha ambayo skripti huitumia kuongea na kanzidata, alama hiyohiyo ndiyo inayoonyesha mahali maneno yanapoanzia na yanapoishia. Mfugaji akiandika «mbuzi», amri inakwenda salama. Akiandika «ng'ombe», kanzidata inadhani neno limekwisha baada ya herufi g, kisha inakutana na mabaki «ombe» isiyoyaelewa, na kukataa ombi lote.

Kwa nini jambo hilo halikutokea kabla ya seva kuhuishwa? Matoleo ya kale ya PHP yalikuwa na mpangilio ambao, ukiwashwa, uliweka wenyewe alama ya mkwaju kabla ya kila ritifaa iliyoingizwa na mtumiaji, ili kanzidata isichanganyikiwe. Mpangilio huo uliondolewa katika toleo la 5.4, mwaka 2012, kwa kuwa ulileta matatizo mengi na ulinzi wake haukutosha. Skripti iliyoutegemea kimyakimya ilibaki bila kinga. Fundi anaweza kurekebisha amri zilizoondolewa, akajaribu fomu kwa neno «mbuzi», akaona inafanya kazi, akaenda nyumbani akiamini amemaliza. Asubuhi mfugaji wa ng'ombe anakwama, na pamoja naye kila mtu ambaye jina lake, la ukoo wake au la kijiji chake lina ng'.

Jambo hilo lina hatari nyingine kubwa kuliko usumbufu. Mlango uleule unaomkwamisha mfugaji mwaminifu humruhusu mhalifu kuingiza amri zake ndani ya kanzidata kwa kutumia ritifaa kwa makusudi. Ndiyo maana tiba yake si kumwambia mfugaji aandike «ngombe». Tiba ni kuiandika upya sehemu hiyo ya skripti ili amri itumwe peke yake na taarifa za mwananchi zitumwe peke yake, vitu hivyo viwili visichanganyike kamwe.

Kanzidata nayo hubadilika. MySQL toleo la 5.7, lililotolewa mwaka 2015, lilianza kutumia ukali ambao awali haukuwa wa kawaida. Zamani, taarifa ndefu kuliko nafasi yake ilikatwa na kuhifadhiwa nusu, na tarehe isiyojazwa iliweza kuandikwa kwa sifuri tupu. Chini ya ukali huo mpya, ingizo la namna hiyo hukataliwa. Mwombaji asiyejua tarehe yake kamili ya kuzaliwa, aliyepita katika mfumo wa zamani, anagonga ukuta katika mfumo mpya. Ukali huo una faida yake, kwa maana tarehe ya sifuri si tarehe. Hata hivyo fomu inapaswa kumpa mtu huyo njia ya wazi ya kueleza anachokijua, badala ya kumfungia mlango.

Hitilafu zinazonyamaza

Aina ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Ukurasa unafunguka, hakuna anayekataliwa kwa kelele, hakuna namba 500, lakini jibu linalotolewa si sahihi.

Chukulia orodha ya wafanyabiashara yenye safu iitwayo «deni». Makarani wengine waliandika namba: 0, 20000, 50000. Mwingine, kwa nia njema, aliandika neno «hakuna» badala ya sifuri. Skripti inauliza swali fupi: je, deni ni sawa na 0? Hadi toleo la 7, PHP ikilinganisha namba na neno ililigeuza kwanza neno kuwa namba. Na neno lisiloanza na tarakimu liligeuka kuwa sifuri. Hivyo «hakuna» lilikuwa sawa na 0, na mfanyabiashara akahesabiwa kuwa hadaiwi. Kuanzia toleo la 8.0 kanuni hiyo ilibadilishwa: neno lisilo namba halihesabiwi tena kuwa sawa na 0. Skripti haijaguswa hata herufi moja, orodha haijaguswa, lakini jibu limegeuka. Mtu ambaye jana hakuwa na deni, leo analo.

Kanuni mpya ndiyo iliyo bora, na hilo linaonekana ukiangalia upande wa pili wa mfano huohuo. Kama karani aliandika neno «anadaiwa» bila kutaja kiasi, toleo la zamani liligeuza neno hilo nalo kuwa sifuri, na mdaiwa akapita kama asiyedaiwa. Mfumo wa kale ulikuwa na kosa kwa miaka yote hiyo, ila kosa lilimnufaisha mtu na kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Uhuishaji wa seva hufichua uzembe wa zamani sawa na mvua ya kwanza inavyofichua matundu ya paa.

Hitilafu nyingine ya kimya inahusu saa. Tangu toleo la 5.4, PHP isipoelekezwa wazi kuhusu majira ya mahali huhesabu saa kwa majira ya dunia, ambayo yako nyuma ya majira ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Ombi lililotumwa saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai linaandikwa kuwa la saa 5 usiku, tarehe 30 Juni. Kwa mtu anayesoma tu habari za kata, tofauti hiyo haina uzito. Kwa malipo ambayo mwaka wake wa fedha huishia tarehe 30 Juni, tofauti hiyo huhamisha fedha kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine.

Namna fundi mwangalifu anavyofanya kazi

Mkazi ana haki ya kujua kazi hii inavyopaswa kufanywa, maana hufanywa kwa ajili yake na kwa fedha ya umma.

Jambo la kwanza hutangulia uhuishaji: nakala ya akiba ya skripti na ya kanzidata, iliyohifadhiwa mahali pengine na kujaribiwa kama inarejesheka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

La pili ni kuwa na seva ya majaribio yenye matoleo mapya, ambapo skripti zinaendeshwa kabla ya kuhamishiwa kwenye seva inayohudumia watu. Majaribio yasifanywe kwa maneno mepesi peke yake. Yaingizwe majina yenye ng', majina marefu, tarehe zisizokamilika, safu zilizoachwa tupu, na namba za simu zinazoanza na sifuri.

La tatu, hitilafu ikitokea, fundi hasomi kioo cha mwananchi kwanza. Husoma daftari la makosa, ambalo seva huliandika yenyewe. Seva ya umma iliyopangwa vizuri haionyeshi undani wa makosa kwa watazamaji, kwa kuwa maelezo hayo yanaweza kufichua majina ya mafaili na njia za ndani. Ndiyo sababu mwananchi huona ukurasa mweupe. Katika daftari, kosa huandikwa pamoja na saa lilipotokea, jina la faili na namba ya mstari. Fundi anayerekebisha bila kusoma daftari hilo ni kama tabibu anayetoa dawa bila kumsikiliza mgonjwa.

La nne, hubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, hujaribu, huandika alichobadili, kisha huendelea. Akibadili vitu vitano kwa pamoja na ukurasa ukafunguka, hajui kilichouponya, na hatajua kesho ukiharibika tena. Hukumbuka pia kwamba kosa la kwanza huweza kuficha la pili: skripti iliyosimama mstari wa 10 haijapata nafasi ya kuonyesha ubovu ulio mstari wa 40.

La tano, hutibu chanzo, hafichi dalili. Zipo njia za mkato ambazo huufanya ukurasa uonekane mzima ilhali ugonjwa umebaki: kuziba mdomo wa onyo, kuondoa ukali wa kanzidata, au kufungua ruhusa za mafaili kwa watu wote kwa namba 777 ili tatizo la 403 liondoke. Hiyo ya mwisho ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii hujengwa kwa taarifa za wananchi zilizovuja.

La sita, linalosahaulika mara nyingi, ni kulinganisha majibu ya kabla na ya baada. Kabla ya uhuishaji ichapishwe hesabu: wafanyabiashara wangapi wako kwenye orodha, wangapi wanadaiwa, jumla ya madeni ni kiasi gani. Baada ya uhuishaji hesabu hiyohiyo ichapishwe tena. Kama idadi ya wadaiwa imeongezeka usiku mmoja bila mtu yeyote kukopa, skripti imebadili maana, na jambo hilo ligunduliwe na fundi kabla halijagunduliwa na mfanyabiashara aliye dirishani.

Nafasi ya mkazi

Mkazi hahitaji kujua PHP ili asaidie. Taarifa yake ikiwa kamili, humwokolea fundi saa nyingi za kutafuta. Anayepatwa na hitilafu azingatie mambo yafuatayo.

1. Aandike siku na saa. Kwa kuwa daftari la makosa hupangwa kwa saa, taarifa isemayo «jana saa 4 na dakika 20 asubuhi» humfikisha fundi moja kwa moja kwenye mstari unaohusika. Taarifa isemayo «mtandao wenu mbovu» haimfikishi popote.

2. Aandike anwani ya ukurasa na maneno au namba aliyoiona, bila kuifupisha. Akiweza, apige picha ya kioo cha simu.

3. Aeleze alichokuwa anajaza na alipofika. Kama wenzake walifanikiwa na yeye akakwama, aseme hivyo, na ataje kitu kinachomtofautisha nao: jina lenye ng', tarehe isiyokamilika, au kiwanja chenye wamiliki wawili.

4. Asitume nywila yake kwa mtu yeyote. Fundi halali haihitaji nywila ya mwananchi ili kutafuta hitilafu. Siku za uhuishaji wa mfumo ndizo matapeli wanazopenda kupiga simu wakijidai ni mafundi.

5. Asilipe mara ya pili kabla ya kuuliza. Kama fedha imeondoka kwenye simu na ukurasa haujaonyesha stakabadhi, inawezekana malipo yamefika na skripti ya kuonyesha stakabadhi ndiyo iliyokwama. Atunze ujumbe wa malipo na aupeleke kwa mtendaji.

6. Baada ya uhuishaji kutangazwa kuwa umekamilika, aangalie taarifa zake mwenyewe: jina, deni, tarehe. Hitilafu ya kimya haina mwingine wa kuigundua kwa hakika kuliko mwenye taarifa hizo.

Wajibu wa wanaohudumia

Kwa upande wa ofisi yoyote inayohudumia umma kwa tovuti, haki ya mwananchi inadai mambo manne. Tangazo la uhuishaji litolewe mapema, kwa njia zinazowafikia hata wasio na intaneti: mbao za matangazo za kata na vijiji, mikutano ya hadhara, nyumba za ibada, redio. Uhuishaji usipangwe katika siku za mwisho za muda wa kulipa au kuwasilisha maombi. Dirisha la karatasi libaki wazi hadi mfumo utakapothibitishwa, ili aliyekwama mtandaoni aandikwe kwa mkono na tarehe yake ya kufika itambuliwe. Na mtu aliyechelewa kwa sababu ya hitilafu ya seva asitozwe faini ya kuchelewa, maana mlango ulifungwa na mwenye nyumba.

Lipo na jambo la tano linalogusa watumishi wenyewe. Karani aliyeandika «hakuna» mahali pa sifuri hakukusudia ubaya. Hakuwahi kuelezwa kwamba kompyuta husoma safu hiyo kama hesabu. Mafunzo mafupi ya namna ya kujaza taarifa, pamoja na fomu inayokubali namba peke yake mahali panapotakiwa namba, ni kinga iliyo nafuu kuliko matengenezo ya baadaye. Na kila skripti iwe na maelezo yaliyoandikwa kwa lugha inayoeleweka, ili fundi ajaye asiirithi kama fumbo.

Ndugu wakazi, tovuti ya huduma ni mali ya umma kama kisima au daraja. Daraja likitikisika, wa kwanza kujua ni wanaopita juu yake, na wasiposema, mhandisi hugundua likiwa limeanguka. Karatasi yenye saa, anwani ya ukurasa na maneno yaliyoonekana, ikifikishwa kwa mtendaji wa kata siku hiyohiyo, inaweza kumwondolea jirani deni asilokuwa nalo.